Takwimu zinaniambia nimwache Bibi. Nizisikilize?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi Ngamiani hapa Tanga. Nafanya kazi kwenye steshenari: natoa kopi, nachapa barua za watu, nawajazia fomu za mtandaoni. Safu yako naisoma siku nyingi, ila sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia, tena kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo. Kwangu si dogo. Limeninyima usingizi tangu Ramadhani ilipokwisha.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka 2021. Alikuwa Mdigo wa Mkinga, njia ya kwenda Horohoro, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa. Baada ya arobaini yake niliona kwamba nikikaa kimya, kila alichonifundisha kitakwenda naye. Nikafungua blogu. Nikaandika alivyokuwa akisuka ukili, majina ya mikeka, habari za baba yake aliyekata mkonge, maneno ya Kidigo ambayo wanangu hawayajui, na mapishi machache aliyonirithisha. Hadi leo nina makala 63. Naziandika usiku kwa simu, watoto wakishalala.

Miaka yote hiyo sikujua kama kuna mahali pa kuangalia nani anasoma. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, ambaye mambo ya kompyuta anayajua, akanifunulia ukurasa wa takwimu na akaniunganisha na Google Analytics, chombo cha Google cha kuhesabu wanaosoma. Mama, tangu siku hiyo sina raha.

Mwezi wa Ramadhani blogu ilifunguliwa mara 9,200. Nilifurahi hadi nikamwamsha mume wangu. Kesho yake mdogo wangu akanionyesha mgawanyo wake: mara 6,700 ni makala moja tu, ile ya mkate wa kumimina. Makala niliyoipenda kuliko zote, niliyoiandika huku nalia, inayoeleza vidole vya Bibi vilivyoendelea kusuka hata macho yalipokwisha kuona, ilifunguliwa mara 14. Kumi na nne, Mama. Mwezi uliofuata hesabu yote ikaporomoka hadi 2,900, nikajua kumbe hata wale wa mkate wameshanichoka.

Wasomaji wengi wanaonekana wako Dar es Salaam. Tanga yenyewe ni wachache mno, maana yake hata watu wa kwetu hawanitaki. Nchi ya pili ni Kenya, na hao ajabu yake hawaendi kwenye mkate, wanakwenda kwenye Kidigo. Mdogo wangu anasema Wakenya hawatusaidii kitu. Halafu wanane katika kila kumi wanatazama ukurasa mmoja tu na kuondoka. Yeye akasema, "Dada, waja leo waondoka leo." Msemo huo tumekua nao kama sifa ya mji wetu. Safari hii uliniuma.

Nikaangalia na maneno ambayo watu wanayaandika Google hadi wakanifikia: "kwa nini mkate wa kumimina unashuka katikati", "mkate wa kumimina haujaumuka", "mkate wa kumimina bila mayai". Hakuna hata mmoja anayemtafuta bibi yangu.

Sasa kuna mwenye duka la unga, hamira na vyombo vya kuokea anayetaka kuweka tangazo lake kwangu. Ameuliza nina wageni wangapi kwa mwezi. Blogger, ambako ndiko nilikofungulia blogu, inasema 9,200, Google Analytics inasema 4,100, mwezi ule ule! Mdogo wangu anasema mpe kubwa. Anataka pia tubadili jina la blogu, tufute habari za ukili na Kidigo, tuweke mapishi matatu kila wiki, na msomaji aandike namba yake ya simu kabla ya kusoma ili tumkabidhi mwenye duka orodha. Nilimjaribia hayo mapishi: nikaweka vitumbua, kachori na mkate wa sinia. Vitumbua vilifunguliwa mara 40.

Mume wangu hana ugomvi na blogu. Analolalamikia ni kwamba sasa nikiamka naangalia namba kabla ya kumsalimia, na usiku nafungua tena na tena kuona kama zimesogea. Ni kweli.

Shangazi yangu wa Pongwe aliniambia msibani kwamba ile habari ya vidole vya Bibi walisomewa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, wakalia. Lakini shangazi ni shangazi, hawezi kuninenea vibaya.

Nifanye nini? Nizifuate takwimu? Au nimekuwa najidanganya, naandika peke yangu gizani huku watu wanapita mlangoni kuchukua mkate?

Mjukuu, Ngamiani


JIBU

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu bibi yako, na akupe nguvu wewe uliyejitwika kumbukumbu yake ukiwa na kazi, mume na watoto wa kulea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kila nikiirudia naona umefunga maswali mawili katika furushi moja. La kwanza ni: wanaonisoma ni akina nani, na wanafuata nini? La pili hukuliandika, ila limejaa kote: je, bibi yangu alikuwa na maana kwa mtu mwingine zaidi yangu? Swali la kwanza takwimu zinaweza kukusaidia, ingawa si lote. La pili hazina ulimi wa kulijibu, na nadhani usingizi umekupotea kwa sababu kila usiku unakwenda kuziuliza hilo la pili.

Tuanze na la kwanza, maana hapo kuna mengi umeyasoma vibaya, na si kosa lako. Nimekaa na watu wanaofanya kazi hizi wakanieleza, nami nakueleza nilivyoelewa.

Hizo hesabu mbili, 9,200 na 4,100, hakuna inayosema uongo. Zinahesabu vitu viwili. Blogger inahesabu kila mara ukurasa unapoombwa, na wanaoomba kurasa mtandaoni si watu peke yao. Kuna roboti za Google na za wengine zinazozunguka usiku na mchana kukusanya kurasa, na nyingine za walaghai. Google Analytics inahesabu pale tu kijiprogramu chake kinapofanya kazi ndani ya kivinjari cha msomaji, kwa hiyo roboti nyingi huzikosa, ila na wasomaji wa kweli ambao simu zao zimezuia ufuatiliaji nao inawakosa. Ukweli uko mahali fulani katikati. Tena kufunguliwa mara 4,100 si watu 4,100. Mtu mmoja mwenye simu mbili anaweza kuhesabiwa wawili, na nyumba nzima inayosoma kwa simu moja ya mama ikahesabiwa mtu mmoja. Humo humo kuna na wewe mwenyewe, mwanangu, unayefungua blogu yako tena na tena usiku kucha. Blogger ina mahali pa kuiambia isikuhesabu wewe mwenye nyumba. Itafute kwenye ukurasa wa takwimu, na uiwashe katika kila simu unayotumia.

Kuhusu Tanga kuonekana ina wasomaji wachache, hapo umejihukumu bure. Mahali pa msomaji hukisiwa kwa anwani ya intaneti aliyopewa na mtandao wa simu, na mitandao mingi hupitisha mawasiliano ya mikoani kwenye mitambo yake mikubwa. Mtu anaweza kuwa amekaa Makorora na bando lake, takwimu zikamwandika Dar es Salaam. Nchi zinakisiwa vizuri zaidi. Miji, hasa kwa wanaotumia simu, usiitegemee. Kwa hiyo ule msemo wako, "hata watu wa kwetu hawanitaki", ondoa kabisa. Hakuna namba uliyoniletea inayosema hivyo.

Na huko kuporomoka baada ya Ramadhani? Mwanangu, wewe ni mtoto wa Tanga. Nani anamimina mkate kila siku mwezi wa mfungo mosi kama alivyomimina mwezi mtukufu? Watu hawakukuchoka, futari imekwisha. Ukitaka kujua kama makala ile inapanda au inashuka, linganisha Ramadhani na Ramadhani iliyotangulia. Na usilinganishe Machi na Machi, kwa sababu mfungo hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu: mwaka 2024 ulianza karibu na tarehe 12 Machi, mwaka 2025 ukaanza mwanzoni kabisa mwa Machi, na unaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo. Ule ukurasa wa Google unaoonyesha maneno ya utafutaji, Search Console, huweka kumbukumbu za miezi 16, kwa hiyo kama uliunganishwa mapema ya kutosha, Ramadhani mbili zinaingia humo. Zitazame pamoja, kisha uone kama bado kuna la kukutia simanzi.

Sasa wale wanane katika kumi wanaotazama ukurasa mmoja na kwenda zao. Hebu mfikirie mmoja wao. Ni saa kumi alasiri, mkate wake wa jana ulishuka katikati, leo ana wageni wa futari. Anauliza Google, anakufikia, anasoma kwamba mchanganyiko ukishaumuka usiukoroge, anafunga simu, anarudi jikoni. Huyo amekukimbia, au umemsaidia? Google Analytics ya zamani, iliyoacha kukusanya hesabu Julai 2023, ingemwandika kama mtu aliyeingia na kutoka bila kufanya lolote. Hii mpya imekuwa na huruma kidogo: akikaa zaidi ya sekunde 10, au akifungua kurasa mbili, inamhesabu kuwa ameshiriki. Lakini hata hiyo haijui kama mkate ulitoka vizuri. Mdogo wako aliutumia ule msemo kana kwamba kuondoka ni tusi. Mgeni aliyepata alichokijia, akashukuru akaenda, kwetu Pwani hatumwiti mtovu wa adabu.

Kuna jambo katika barua yako lililonifanya niweke kalamu chini. Unasema hakuna anayemtafuta bibi yako. Kisha unanionyesha watu wanaouliza kwa nini mkate unashuka katikati. Niliifungua makala ile nikaisoma yote, maana uliniwekea anwani yake. Umeandika kwamba Bibi alikuwa akisaga mchele uliolowa usiku kucha, akipima tui kwa kuangalia linavyochirizika kwenye upawa, akikataza mtu kugusa sufuria ukishaumuka, na akijua kwa harufu ya iliki wakati wa kupalia makaa juu ya mfuniko. Haya maarifa ni ya nani? Mapishi ya mkate wa kumimina yamejaa mtandaoni, mengi yana vipimo vizuri kuliko vyako. Watu wanaganda kwako kwa sababu wewe unaeleza mkate unapokataa na sababu ya kukataa, na aliyekufundisha hilo ni yeye. Hawalijui jina lake, ila ndiye anayewajibu.

Hapo pia ndipo ninapopata mashaka na hesabu ya mdogo wako. Yeye ameona makala ya mapishi imefanikiwa, akasema basi mapishi yanafanikiwa. Mmeweka vitumbua, kachori na mkate wa sinia, na vitumbua vikapata 40. Jaribio mlilolifanya wenyewe limeshawapa habari, ila hamkuketi kuisikiliza. Huenda kinachovuta si mapishi kama mapishi. Huenda ni tatizo lililotatuliwa, au ni makala yenye umri mrefu ambayo Google imeshaizoea, au ni Ramadhani tu. Sijui ni lipi kati ya hayo. Yanaweza kuchunguzwa. Umeandika lini vile vitumbua? Katika wiki mbili tu, Google huwa haijaamua hata mahali pa kuviweka. Na je, ulieleza vinapogandia kwenye kikaangio na Bibi alifanyaje, au uliweka vipimo tu kwa kuwa uliambiwa utoe mapishi matatu kwa wiki? Nauliza kwa upole, maana nilivisoma pia, na sauti yako sikuisikia humo.

Nije kwenye zile 14, ambazo najua ndizo kidonda chenyewe.

Kwanza, makala hiyo umeipa jina "Vidole vyake". Jina zuri, lakini nani ataandika maneno hayo Google? Mwanafunzi anayetafuta namna ya kusuka ukili, au mjukuu mwingine anayetafuta majina ya mikeka, hana njia ya kukufikia. Mlango upo ila hauna kibao. Pili, shangazi yako wa Pongwe. Umemtaja mwishoni kabisa na kumtengua hapo hapo. Mimi namwona ndiye shahidi mwenye uzito kuliko namba zote ulizoniletea. Wewe unajua, na kila mwenye simu Tanzania anajua, jinsi mambo yanavyosambaa: mtu ananakili maandishi yote, anayabandika kwenye grupu, na wengine wanasoma humo bila kutumia bando la kufungua kurasa. Usomaji wa namna hiyo hauhesabiwi na Blogger wala na Google. Hata anayebofya linki ndani ya WhatsApp mara nyingi huandikwa kuwa amekuja mwenyewe moja kwa moja, kana kwamba alikariri anwani yako. Grupu la ukoo wenu lina watu wangapi? Hukuniambia. Inawezekana makala iliyofunguliwa mara 14 imesomwa na watu mara nyingi ya hao. Inawezekana pia haikusomwa na zaidi ya shangazi na binti zake. Sitakupamba kwa nisilolijua. Ninachosema ni kwamba 14 ni waliopita mlango mmoja, na nyumba yako ina milango mingine isiyo na mhesabuji.

Na Bibi mwenyewe, alipokuwa akisimulia huku anasuka, ukumbini walikaa wangapi?

Halafu wale Wakenya. Mdogo wako amewaweka kando kwa kuwa mwenye duka hawauzii. Kwa hesabu ya tangazo ana haki. Lakini wewe ndiye uliyeona jambo ambalo yeye hakuliona: hawaendi kwenye mkate, wanakwenda kwenye Kidigo. Mpaka ule waliuchora Wajerumani na Waingereza mwaka 1886, kutoka mdomo wa mto Umba kwenda bara, na Wadigo wakabaki huku na kule, Mkinga upande wetu na Kwale upande wao. Nadhani, na naomba uchukue kama dhana tu, kwamba waliokufikia kutoka Kenya ni watu wa lugha ya bibi yako. Kama ni hivyo, hao hawakuja kwa bahati ya mtu anayetafuta kitu kingine. Tazama vitu viwili vidogo kuwahusu: je, wanafungua makala zaidi ya moja, na je, wanarudi? Wasomaji 30 wanaorudi kila unapoandika ni watu wa aina tofauti na 3,000 wanaopita mara moja. Sisemi ni bora. Nasema ukiwajumlisha katika namba moja na kutafuta wastani, utapata msomaji ambaye hayupo duniani, nusu anapika mkate, nusu anauliza Wadigo wa kale waliitaje maji.

Basi njia zilizo mbele yako ni zipi? Kufuata ushauri wa mdogo wako kuna faida yake ya wazi, na usimwone adui. Ametumia muda wake kwa ajili yako, na fedha ya tangazo ingenunua bando na daftari za watoto. Hatari yake ni kusimamia mguu mmoja. Theluthi mbili na zaidi ya wageni wako wanaletwa na makala moja kupitia Google. Siku Google ikibadili mpangilio, au mwingine akiandika vizuri zaidi, wageni hao wanahama bila kuaga, na wakati huo utakuwa umeshazifuta zile nyingine. Kufuta hasa ndiko kunakonitia hofu. Jina la blogu unaweza kulibadili na kulirudisha. Maneno ya Bibi uliyoyakumbuka mwaka 2021, majonzi yakiwa mabichi, sidhani kama utayakumbuka vile vile tena. Lolote utakaloamua, yanakili kwanza uyaweke pengine. Kwa kazi yako ya steshenari, hata kuyachapa kwenye karatasi unaweza.

Kuzifunika takwimu kabisa na kuandika kama zamani nako kunavutia, na najua moyo wako unaelekea huko. Ungepata usingizi. Ila ungekuwa hujajua kwamba Kwale kuna watu wanakungoja, wala kwamba makala zako nzuri zimekosa kibao mlangoni. Kugawa blogu mbili, ya mapishi na ya Bibi, kunaonekana nadhifu, lakini wewe unaandika usiku kwa simu. Sijui kama zipo saa za kulisha nyumba mbili.

Iko pia njia ya kutoboa mlango kati ya vyumba. Mwisho wa makala ya mkate unaongeza aya moja: aliyenifundisha hili ni bibi yangu, alikuwa pia msusi wa mikeka, habari zake ziko hapa. Kisha unasubiri na kuangalia ni wangapi waliopita mlango huo. Huenda wakapita watu wachache sana ukaumia tena, lazima uwe tayari kwa hilo. Lakini hilo ni swali ambalo takwimu zinaliweza: walipita, hawakupita. Ukilifanya hilo, fanya hilo peke yake kwa muda. Ukibadili jina la makala, mlango na mapishi kwa wiki moja, hutajua kipi kilileta nini.

Kwa mwenye duka, sioni kwa nini usimpe namba zote mbili na kumweleza kila moja inahesabu nini, na kwamba ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwezi uliofuata ulikuwa 2,900. Unaweza kumkosa. Lakini ukimpa 9,200 peke yake akalipa, kisha miezi mitatu asione mteja, atakuja steshenari kwako, na Ngamiani si mji wa mtu kujificha. Kabla ya kupokea fedha, uliza ofisi ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, mambo yakoje sasa kwa blogu kama yako, kwa sababu kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022. Na hili la kukusanya namba za simu za wasomaji ili akabidhiwe mfanyabiashara, hapo nakuomba usimame kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Na hata isingekuwepo, mama aliyekuja kuuliza habari ya mkate hakuja kutoa namba yake apigiwe na watu asiowajua. Mdogo wako pengine hajalifikiria kwa upande huo. Kaa naye umweleze.

Kuhusu mume wako, amesema neno dogo na amelisema kwa adabu. Namba za siku moja kwa blogu ya ukubwa wako hazina cha kukuambia; leo 60, kesho 85, mvua imenyesha, umeme umekatika, ndiyo hiyo. Mara moja kwa wiki ingekutosha, tuseme Ijumaa jioni, ukiwa na swali uliloliandika kwenye karatasi kabla ya kufungua simu. Ukikosa swali, siku hiyo usifungue. Jaribu wiki nne uone usingizi unasemaje.

Sijakuambia ufuate lipi, na sitakuambia. Wewe ndiye uliyekaa miguuni pa Bibi. Ila kabla ya yote, nenda Pongwe. Usipige simu, nenda, umbali wenyewe si wa kulala njiani. Muulize shangazi ni nani aliyeibandika habari ile kwenye grupu, na ni sehemu gani iliyowaliza. Ukirudi, niandikie alichosema. Na unijibu na hili ambalo nimekuwa nikijiuliza tangu nisome makala yako: yale majina ya mikeka, umeyaandika yote, au kuna mengine shangazi anayajua bado?